Ziara ya kikundi kwenye urithi wa Kikristo Uingereza: kabla hamjalipa, pitieni uzi huu

Mwana wa Magila (mleta mada)

Habari za Jumapili wanajukwaa.

Kila ikifika Januari napata ujumbe wa namna moja kutoka nyumbani: "Kaka, mtaa wetu unataka kuja hija Uingereza, wakala ametupa ratiba, hebu itupie jicho." Naishi huku, na nimesindikiza vikundi vya kanisa kama mfasiri kiasi cha kujua ratiba ipi itawashibisha watu na ipi itawachosha bure. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, naona niweke uzi.

Ratiba nyingi zinafanana: London, Canterbury, Oxford, nyumbani kwa Shakespeare, York, Edinburgh, mnageuza. Kanisa kuu asubuhi, kanisa kuu mchana, picha nje, dukani, ndani ya basi. Baada ya siku tatu nne akina mama wanasinzia kwenye viti na makanisa yote yamekuwa mawe tu. Wengi husema ni umri au baridi. Mimi naona chanzo ni kwamba historia ile inasimuliwa kama mali ya Waingereza, sisi tukiwa wageni wa kuonyeshwa. Kumbe sehemu kubwa yake ilipita kwetu, na baadhi ya waliobeba mzigo wake walikuwa watu wetu. Muongozaji hatayasema hayo msipomuuliza. Kwa hiyo dai langu la kwanza ni hili: kikundi kinachotoka Afrika Mashariki kidai ratiba inayoanza mahali ambapo na sisi tumo, mengine yafuate.

Anzeni Westminster Abbey. Mkiingia, msikimbilie makaburi ya wafalme. Katikati ya ukumbi mkuu, sakafuni, kuna bamba la kaburi la David Livingstone. Maandishi yake yanaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Jiwe halisemi.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye wangemzika palepale wakaenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Walitoa moyo wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili wakaukausha juani kwa chumvi, wakauzungushia kitambaa na gome la mti, wakaujitwika. Walipofika Tabora walikutana na msafara wa Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Waliouongoza msafara ule ni Abdullah Susi na James Chuma. Siku ya mazishi, 18 Aprili 1874, mmoja wa waliobeba jeneza ndani ya Abbey alikuwa Wainwright. Susi na Chuma hawakuwepo. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, maziko yamekwisha.

Kikundi nikiwa nacho huwa naomba walizunguke bamba lile, mmoja ataje majina kwa sauti: Susi, Chuma, Wainwright, na Halima aliyekuwa mpishi. Hapo ndipo watu huamka. Mzee wa Bagamoyo au wa Tabora anapojua kwamba jeneza lile lilipita kwao, hatazami tena dari.

Mkitoka kwa mlango mkubwa wa magharibi, inueni macho. Juu ya mlango kuna sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20, zilizozinduliwa mwaka 1998. Mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Nimeona vikundi vikipita chini yake bila kuambiwa.

Nitaendelea na Canterbury na kaskazini. Maswali yanakaribishwa.

Nyasa Moja

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi ni wa Masasi, bibi yangu alibatizwa na watu wa UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza. Sikujua kwamba Chuma alikuwa Myao mwenzetu hadi nilipoanza kufuatilia mwenyewe. Je, huko kuna chochote kinachotuhusu sisi wa Kusini?

Mwana wa Magila

Kipo ndugu yangu, na kipo Canterbury penyewe.

Kwanza niseme ya Canterbury kwa wote. Papa Gregori alimtuma Augustino na watawa wenzake, wakafika Kent mwaka 597. Watu husimulia kana kwamba walikuta giza tupu. Malkia Bertha, mke wa Mfalme Ethelbert, alikuwa Mkristo tayari, binti wa Wafaranki, na alikuwa akisali katika kanisa dogo la Mt. Martin juu ya kilima, nje ya kuta za mji. Kanisa hilo lipo, linasaliwa hadi leo, na matofali ya Kirumi yanaonekana ukutani. Mabasi mengi hayafiki kwa sababu halifunguliwi kila siku, na lazima mtembee kidogo kutoka kanisa kuu. Dai lako la pili liwe hilo: Mt. Martin. Akina mama hasa wakienda, wakaambiwa kwamba mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyekuwa akisali kwa miaka ugenini, huwa wanakaa pale muda mrefu kuliko kwenye kanisa kuu.

Kati ya makanisa hayo mawili kuna magofu ya abasia ya Augustino. Hapo mwaka 1848 kilifunguliwa chuo cha kuandaa wamisionari. Leo majengo yake yanatumiwa na King's School. Mmoja wa waliosoma chuoni hapo ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akalelewa Kiungani, Unguja. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, akafanya kazi Chitangali, kwenu kabisa Nyasa Moja. Sijawahi kumsikia muongozaji akimtaja. Mtajeni ninyi.

Kampala Road

Asante sana mleta mada. Sisi tuko Uganda, tunatamani kuleta kikundi cha wanandoa. Kwetu jina kubwa ni Askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885. Alitoka wapi huko?

Mwana wa Magila

Hurstpierpoint, Sussex, kusini mwa London. Ni kijiji tulivu, mnaweza kukiunganisha na siku ya Canterbury mkiondoka mapema, ingawa mimi ningekipa siku yake. Mkifika York pia waulizeni habari za John Sentamu, mtu wenu, aliyekuwa Askofu Mkuu wa York kuanzia 2005 hadi 2020. Kanisa kuu la York ni kubwa na zuri, na nje yake kuna sanamu ya Konstantino, kwa kuwa alitangazwa kuwa mfalme wa Warumi mjini humo mwaka 306. Lakini kwa Mganda, kusimama pale na kujua kwamba mtoto wa Kampala aliketi kwenye kiti kile kwa miaka 15, hilo ndilo atakalowasimulia wajukuu.

Mama Tumaini

Mwanangu, hongera kwa kazi. Sisi ni Wakatoliki, jumuiya yetu ya Moshi ina wazee wengi. Naona uzi ni wa Waanglikana tu. Sisi twende wapi?

Mwana wa Magila

Shikamoo mama. Hapana, uzi ni wa wote, na umeuliza jambo la msingi.

Hadi miaka ya 1530 makanisa yote yale yalikuwa ya Kikatoliki. Ndani ya Canterbury Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa na askari wa mfalme tarehe 29 Desemba 1170, na kwa zaidi ya miaka 300 mahujaji walikuja kwa miguu hadi kaburi lake. Mwaka 1538 Henry wa Nane akaamuru kaburi livunjwe. Pale lilipokuwa, leo sakafuni panawaka mshumaa mmoja tu. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika kanisani humo Mei 1982 akapiga magoti kuomba pamoja na Askofu Mkuu Robert Runcie, mahali palepale Becket alipouawa. Kwa kikundi cha Wakatoliki hapo pasipitwe.

Halafu Walsingham, Norfolk. Ni mahali pa hija ya Mama Maria tangu karne ya 11, pakaharibiwa na Henry huyohuyo, pakafufuliwa. Mahujaji wa zamani walivua viatu kwenye kanisa dogo la nje ya kijiji, wakamalizia kwa miguu mitupu. Siku hizi Wakatoliki na Waanglikana wote wana patakatifu pao hapo. London nendeni Tyburn: karibu na palipokuwa na kitanzi cha umma watawa wanasali mchana na usiku kwa kumbukumbu ya Wakatoliki waliouawa, kuanzia enzi za Henry hadi Oliver Plunkett mwaka 1681.

Na hapa nawasihi viongozi wa vikundi vya mchanganyiko. Oxford mtaonyeshwa msalaba uliochorwa kwa mawe barabarani, Broad Street, walipochomwa moto maaskofu wa Kiprotestanti Latimer na Ridley mwaka 1555, na Cranmer mwaka uliofuata. Ni kweli, na inauma. Lakini mkipelekwa Oxford bila Tyburn, au Tyburn bila Oxford, mtakuwa mmesikia nusu. Wekeni yote mawili, ikiwezekana siku moja, na msali katika yote mawili. Nimeona Walutheri na Wakatoliki wa mkoa mmoja wakisali pamoja Tyburn, watu ambao nyumbani hawajawahi kuingia kanisani kwa wenzao.

Kuhusu wazee: muombe wakala, kwa maandishi, basi lenye ngazi ya kushuka na hoteli yenye lifti. Durham iko kilimani, mawe ya barabara hayako sawa. Kiti cha magurudumu kiulizwe mapema, kisiulizwe mlangoni.

Mtu wa Ng'ambo

Mimi ni Mwislamu, mkazi wa Unguja, na kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Mkunazini ikiwemo. Kila siku naeleza habari za soko la watumwa na kanisa lililojengwa juu yake. Swali langu kwa heshima: huko Uingereza makanisa yanaeleza upande wao wa biashara ile, au wanasimulia ukombozi tu?

Mwana wa Magila

Swali hili nimelisubiri, na nafurahi limetoka kwako.

Kwa muda mrefu kilichosimuliwa ni ukombozi. Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, amezikwa Westminster Abbey, na anastahili. Livingstone aliwahutubia wasomi wa Cambridge tarehe 4 Desemba 1857, na wito ule ndio uliozaa UMCA iliyofika kwenu mwaka 1864. Soko la Unguja likafungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Mkunazini likawekwa. Yote hayo ni kweli, na wewe unayajua kuliko mimi.

Lakini kuna upande wa pili. Shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, SPG, lilirithi mashamba ya Codrington huko Barbados mwaka 1710, pamoja na watumwa wake. Watumwa walipigwa chapa ya moto kifuani yenye neno la Kiingereza la "Shirika". Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006. Mwaka 2023 Kanisa likatangaza mfuko wa pauni milioni 100, baada ya kubaini kwamba sehemu ya utajiri wake wa zamani iliingizwa katika kampuni iliyosafirisha watumwa. Nawaambia vikundi vyangu haya yote, tena ndani ya basi kabla hatujashuka, ili mtu aingie akiyajua.

Na kwa ajili hiyo naomba ratiba iwe na Olney. Ni mji mdogo kaskazini mwa London, ambako John Newton alikuwa kasisi kuanzia 1764. Wimbo wake wa Neema ya Ajabu kila kwaya kwetu inauimba, na aliuandika kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Mahubiri ya kwetu husema alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampiga, akaokoka, akaacha. Haikuwa hivyo. Dhoruba ilikuwa 1748. Baada ya hapo ndipo alipokuwa nahodha wa meli za watumwa, hadi alipoacha bahari mwaka 1754, na maandishi yake ya kuipinga biashara ile hadharani yalitoka 1788, uzeeni. Alifariki mwaka 1807, mwaka ambao Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo. Kaburi lake liko uani kwa kanisa la Olney. Mimi nikisimama pale nafikiria watu waliokuwa chini ya sitaha wakati nahodha akisali juu, na nawaomba wenzangu kabla ya kuimba wakae kimya kwa ajili yao.

Mtu wa Ng'ambo

Nimekuelewa, na nimeridhika. Ukija Unguja nitafute nikupeleke Mkunazini. Ule msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule kwa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone, bado upo.

Mwalimu wa Kwaya

Mtumishi, umeahidi kaskazini. Tunasubiri.

Mwana wa Magila

Niko tayari. Kaskazini nitapasema kwa kirefu kwa sababu ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote.

Lindisfarne ni kisiwa kidogo pwani ya Northumberland. Maji yakitoka mnavuka kwa barabara, yakijaa barabara inazama, mara mbili kila siku. Watu wa pwani mtaelewa haraka. Saa za kuvuka hutangazwa mapema, na dereva asiyezifuata basi lake hukwama baharini, kwa hiyo kikundi chote kiheshimu saa.

Mwaka 635 Mfalme Oswald, aliyekuwa amekimbilia uhamishoni kwa Waskoti na kubatizwa huko, aliomba kisiwa cha Iona kimtumie mwalimu. Beda, mwanahistoria wa karne ya 8, anasimulia kwamba wa kwanza alikuwa mkali, watu hawakumsikiliza, akarudi akilalamika kwamba ni washenzi wasiofundishika. Katika kikao mtawa mmoja, Aidan, akamwambia: uliwapa chakula kigumu, ulipaswa kuwapa kwanza maziwa. Wakamtuma yeye. Aidan hakukijua vizuri Kiingereza cha wakati ule. Alipohubiri, mfalme mwenyewe alisimama akamtafsiria mbele ya wakuu wake.

Mfalme akawa mfasiri! Kazi hii ninayoifanya ndani ya mabasi, aliifanya yeye akiwa na taji. Na fikirini Waingereza hao, wanaitwa washenzi na mmisionari aliyekata tamaa. Nikiwatafsiria wazee wetu maneno hayo kisiwani, huwa wanatazamana, kwa sababu neno lile babu zao walilisikia kutoka vinywani mwa Waingereza.

Kutoka hapo nendeni Durham, jengo lililoanza 1093. Nyuma ya altare kuu amezikwa Cuthbert, mtawa wa Lindisfarne, ambaye wenzake walimbeba wakizunguka naye miaka mingi kwa kuwakimbia Waviking. Upande wa magharibi amelala Beda. Kikundi ambacho kimeanza na Susi na Chuma hakihitaji kuelezwa mara mbili maana ya watu kuubeba mwili wa mpendwa wao nchi nzima.

Iona yenyewe, alikofika mtawa Columba mwaka 563, ni mbali: meli kutoka Oban, basi kuvuka kisiwa cha Mull, kisha meli ndogo. Wenye wazee wengi waiache, waende Blantyre karibu na Glasgow. Ni makumbusho katika nyumba alimozaliwa Livingstone mwaka 1813, na kiwandani hapo alianza kazi ya pamba akiwa na miaka kumi.

Wales msiiruke. Karibu na Bala kuna kituo cha kumbukumbu ya Mary Jones, binti wa miaka 15 ambaye mwaka 1800 alitembea kilomita 40 hivi, miguu mitupu, kwenda kununua Biblia kwa lugha yake ya Kiwelshi, baada ya kudunduliza pesa miaka sita. Habari yake iliwasukuma watu kuunda Chama cha Biblia mwaka 1804, na chama hicho ndicho kilichotoa Biblia yetu ya Union Version ya 1952. Beba nakala yako ya Kiswahili, usomee pale.

Wamethodisti: Wesley's Chapel na nyumba ya John Wesley, City Road, London, na ng'ambo ya barabara makaburi ya Bunhill Fields alikozikwa mama yake Susanna, John Bunyan na Isaac Watts. Nusu siku inatosha.

Kondoo wa Kilosa

Mkuu gharama na viza je? Na tuje mwezi gani?

Mwana wa Magila

Viza kila mtu anaomba yake, hata mkija kikundi. Taarifa za benki, barua ya mwajiri au ya kanisa, ushahidi wa kinachokurudisha nyumbani. Msimlipe wakala yeyote fedha zote kabla ya viza kutoka, na mkataba useme wazi anayenyimwa viza anarudishiwa nini. Najua kikundi kilichopoteza akiba ya miaka kwa kutouliza hilo.

Makanisa makubwa hutoza kiingilio, Westminster Abbey ni karibu pauni 30 kwa mtu mzima, na Jumapili haipokei watalii. Lakini ibada haina kiingilio. Karibu kila siku jioni, kwenye saa kumi na moja au na nusu, kuna Sala ya Jioni ya kuimbwa. Kwenye matangazo mtaiona kwa jina la Evensong. Mnaingia bure, mnakaa karibu na kwaya, mnasali. Dai langu la tatu na la mwisho ni hilo: kila siku ya ziara iishie ibadani, hata kama itabidi kuacha mji mmoja kwenye ratiba.

Mei na Juni ni bora. Mchana ni mrefu na kwaya za wenyeji zipo. Agosti zinakuwa likizo. Plagi za huku ni za pini tatu kama za kwetu. Bebeni sweta, ndani ya makanisa ni baridi hata kiangazi. Dereva na muongozaji hupewa bahasha siku ya mwisho, changeni mapema.

Mwalimu wa Kwaya

Hapo kwenye likizo ya Agosti umenishtua. Kwaya ikiwa likizo nani anaimba?

Mwana wa Magila

Kwaya za wageni, mwalimu. Makanisa makuu mengi hualika kwaya kutoka nje zishike wiki au siku kadhaa. Mnamwandikia mkurugenzi wa muziki wa kanisa husika mwaka mmoja au zaidi kabla, mnatuma rekodi. Watataka muweze zaburi na nyimbo za Mariamu na Simeoni kwa utaratibu wao, hilo lina mazoezi. Lakini utenzi wa katikati ya ibada kwaya hupendekeza wenyewe, na sijaona kanuni inayokataza uwe wa Kiswahili. Nitumie ujumbe faragha, barua tutaiandika pamoja.